Droo ya Chini ya Meza ya Mwalimu

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2008. Asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka saa nne, halafu manyunyu, halafu jua kidogo la kudanganya watu waanike nguo. Sasa mawingu yamelala tena juu ya vilima na nguo zangu ziko ndani, juu ya viti.

Leo ni siku ya nane tangu nistaafu. Kamene, ambaye ndiye ameshika kazi yangu, amekuja hapa mara mbili kuniambia niandike yale ninayoyajua, yeye na wenzake wasome. Nilimwambia mimi niliacha shule darasa la sita, na mkono wangu umezoea msasa kuliko kalamu. Akasema, "Shangazi, andika tu vile unatuongeleshanga." Basi nimekaa. Na kwa kuwa nataka kusema ukweli kutoka mwanzo, meza hii ninayoandikia asubuhi ilikuwa na tochi mbili zisizo na betri, trei ya mayai, mwavuli na kiatu kimoja cha mjukuu. Nimeviondoa kwanza. Hata daktari wa meno huumwa na jino.

Kazi yangu ilikuwa kupanga meza za nyumbani: meza za watu wazima wanaobeba kazi kutoka ofisini au shuleni, na meza za watoto wanaosoma. Nilipoanza, hapa Machakos kazi hiyo haikuwa na jina. Watu walikuwa wanauliza, "Yule mama wa meza ako wapi?" Sitaandika habari za kupandishwa cheo, maana kwetu karakanani tulikuwa watu wanne na cheo kilikuwa kimoja, kigoda cha Mzee Nzioka, na hicho alikikalia mwenyewe.

Nitaandika zaidi juu ya droo moja kule Muthetheni. Hapo ndipo nilikaribia kuharibu mbegu za msimu mzima za nyumba ya watu wanane, na hapo ndipo nilianza kuijua kazi. Kabla ya hapo nilidhani naijua.

Niliingia karakana ya Mzee Nzioka mwaka wa 1991, kufagia. Alikuwa fundi wa meza na kabati, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, na akikosa penseli huulizi, unamwangalia tu sikioni. Wiki yangu ya kwanza, karani mmoja wa ofisi za serikali alirudisha meza akilalamika kwamba droo haifungi, fundi amemtengenezea kitu kibaya. Mzee hakubishana. Aliniambia nishike upande wa pili, tukavuta kwa nguvu, droo ikatoka na kishindo.

Nyuma ya droo mlikuwa na kijiko, soksi mbili zisizofanana, kadi ya ubatizo, kalenda ya miaka mitatu iliyopita, na barua ambayo karani alikuwa ameitafuta mpaka akamgombanisha mkewe na jirani. Mzee alipitisha kidole kwenye mbao, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Hii mbao haina makosa," alisema. "Hii meza imeshiba."

Sijui kilichonipata. Nilitandaza gunia chini nikaanza kuvipanga vile vitu, karatasi na karatasi, kalamu na kalamu, vyuma na vyuma. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtu anayefungua barua. Karani alichuchumaa akaanza kuokota vyake, huyu anacheka, huyu anaona haya, mtu yule yule mmoja. Kesho yake Mzee aliniambia niache ufagio.

Nawaambia nyinyi vijana, ule msisimko haujaniisha. Miaka kumi na saba, na bado nikishika mkono wa droo nisiyoijua, naivuta polepole kama mtu anayefungua zawadi. Kama siku moja mtavuta droo na msisikie chochote, rudini kwa kupiga msasa, hakuna aibu.

Mzee alinifunza kwa maneno machache. La kwanza, usipange kitu kikiwa juu ya meza. Toa vyote, weka chini kwenye gunia, meza ibaki uchi, mwenyewe aione. Watu wengi hawajawahi kuiona meza yao tangu siku walipoinunua, na mama mmoja wa mjini alibishana na mimi kwamba yake haikuwa na rangi ile. La pili, juu ya meza pasikae kitu ambacho mkono haukigusi kila siku. La tatu, na hili alilirudia mpaka likawa kama wimbo: "Kitu kimoja, nyumba moja." Yaani kalamu zote mkebe mmoja, stakabadhi zote boksi moja, misumari yote chupa moja. Ukikuta kitu cha aina moja mahali pengi, hiyo ndiyo takataka, hata kama kila kimoja ni kizuri.

Vifaa vyangu vilikuwa vya kuokota. Mikebe ya mafuta ya kupikia niliikata kimo cha kalamu, nikaikunja ukingo na kuugonga nyundo mtoto asikatwe. Maboksi ya viatu yalikuwa vigawanyo vya droo. Kamba ya katani. Msumari mrefu kwenye kipande cha mbao, wa kuchomea karatasi zinazongoja. Msiudharau huo msumari. Mtu mzima hasumbuliwi na karatasi alizozimaliza, wala na zile ambazo hajazianza. Zinazomsumbua ni zile za katikati, na zikiwa zimechomwa mahali pamoja mbele ya macho yake huwa zinaona haya na kupungua.

Kwa watoto nilijifunza kupima viwiko. Mtoto akae kwanza, mgongo ukiwa wima, kiwiko kilale juu ya meza bila bega kupanda. Kama miguu inaning'inia, weka kibao chini yake. Mzazi atakuonyesha alama za hesabu, atakuonyesha barua ya mwalimu mkuu, na wakati huo wote mtoto anaandikia kidevuni. Na mtoto asiyejua kusoma usimwandikie neno kwenye boksi. Mchoree. Nilichora penseli, nikachora kitabu, nikachora kifutio ambacho kila mtoto alisema ni mkate.

Sasa Muthetheni.

Ilikuwa mwaka wangu wa tano, mwezi wa kumi. Mwalimu Mutisya alikuja mjini kuagiza meza mpya, kubwa. Ile ya zamani Mzee ndiye aliyeitengeneza, ya mninga, droo nne na kufuli, na Mwalimu alisema haitoshi tena. Binti yake Mbithe alikuwa darasa la nane, mtihani ulikuwa mwezi uliofuata, na mtoto alikuwa anasomea kitandani kwa sababu mezani hapakuwa na mahali pa kuweka hata daftari. Mzee alinituma nikapime nafasi ya meza mpya. Nilifika, nikaitazama ya zamani, nikamwambia Mwalimu kwamba hahitaji nyingine. Anipe Jumamosi moja.

Niliporudi kumwambia Mzee kwamba nimemkosesha oda, alitafuna penseli akasema, "Umenikosesha, lakini hujanidanganya." Ile randa aliyokuwa ameishika aliiweka chini kwa nguvu kidogo. Nasema na hilo pia, maana alikuwa na haki ya kukasirika.

Jumamosi nilifika saa mbili asubuhi na ubao mmoja mpana, nilioupiga randa na msasa mpaka ukawa kama shavu la mtoto, wa kutengenezea rafu ya vitabu vya Mbithe. Nyumbani alikuwepo Mwalimu, mkewe Kalekye, Mbithe na wadogo zake watatu. Mama yake Mwalimu, ambaye kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya, alikuwa ameenda kanisani kwa mkutano wa akina mama pamoja na mkwe wake mwingine, mke wa ndugu yake Mwalimu, waliyekaa naye hapo. Hao ndio watu wanane.

Nilianza kwa kuvua kitambaa cha kroshia. Kumbe kitambaa ndicho kilikuwa mlinzi wa uchafu: kilifunika madaftari ya kusahihisha, programu za mazishi, saa ya ukutani iliyosimama, pasi ya makaa, na kuku mmoja alikuwa ametaga hapo. Tulicheka. Mwalimu alisema yai ni la serikali, maana limetagwa juu ya ripoti ya shule. Droo ya kwanza, karatasi zake. Ya pili, karatasi zake. Ya tatu, nyaya na redio mbili zilizokufa. Nilikuwa nachapa kazi naimba.

Droo ya nne, ya chini, yenye kufuli, Mwalimu aliifungua mwenyewe. "Hizi ni vitu za mama," alisema. "Zitafutie mahali, mtoto apate droo."

Ndani mlikuwa na vyombo kumi na kimoja. Chupa za dawa ya kikohozi, mikebe midogo, kibuyu, na vitambaa vilivyofungwa fundo. Nilifungua kimoja: kunde, zimechanganywa na majivu. Cha pili: kunde. Cha tatu: kunde. Vyote kumi na kimoja, kunde na majivu. Nilisikia sauti ya Mzee kabisa masikioni, kitu kimoja, nyumba moja. Hapo nje palikuwa na debe safi la kilo nne lenye mfuniko wa kubana. Nikamimina. Nilimimina vyote, nikatikisa debe zikae sawa, nikaandika juu kwa kalamu nene: KUNDE. Nikalipeleka jikoni, juu, mbali na panya. Niliona nimefanya kazi nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Saa saba meza ilikuwa inang'aa. Mbithe alikaa, viwiko vikalala sawa, dirisha likamletea mwanga kutoka kushoto. Alipitisha mikono miwili juu ya mbao kama mtu anayetandika kitanda. Kisha akafungua daftari. Niliona niko juu ya mlima.

Susu aliingia saa nane. Alikuwa mfupi, mwenye fimbo asiyoiegemea. Nikamsalimia, "Wakya, Susu," akaitikia, "Aa," akaisifu meza, akasema sasa nyumba inafanana na ya watu waliosoma. Halafu akavuta droo ya chini.

Akainama kutazama ndani. Mwalimu akamwambia kwa furaha kwamba vitu vyake viko salama, vimewekwa pamoja, debe zuri. Kalekye akalileta. Susu akafungua mfuniko, akaingiza mkono, akautoa, akaangalia kiganja.

Aliongea Kikamba, mimi naweka kwa Kiswahili. "Ni nani huyu amewaoza binti zangu wote kwa mume mmoja?"

Watoto walicheka. Mimi nilianza kucheka, halafu nikaona Kalekye hacheki.

Ndipo Susu alinieleza, polepole, bila kunitukana, na hilo ndilo liliuma. Zile hazikuwa kunde. Zilikuwa kunde za aina tatu. Kuna za haraka, zinazoiva kabla mvua haijasema kwaheri, na hizo ndizo huliwa mwaka mbaya. Kuna za madoa, za shamba la chini lenye udongo mzito. Na kuna za majani, zinazotambaa, alizopewa na dada yake aliyeolewa Ndithini na ambaye sasa ni marehemu. Ukizipanda pamoja, zinazotambaa huzifunika za haraka zisione jua. Ya mboga huchumwa majani, ya mbegu haifai kuchumwa, na nani atajua ipi ni ipi? Vyombo vilikuwa vingi kwa sababu kila aina ilikuwa na vyombo vya msimu huu na vya akiba, kama mvua ikikataa apande tena. Ardhi ilikuwa imeshalimwa. Alikuwa apande Jumatatu, kwenye vumbi, mvua ikute mbegu chini. Na nje mawingu yalikuwa yanajikusanya yale ya kweli.

"Mama, tutanunua nyingine sokoni," Mwalimu alisema.

"Za sokoni sijui mama yao," akajibu Susu.

Mwalimu akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, ndiye aliyefungua droo na kuniambia nizitafutie mahali. Alikuwa muungwana. Lakini aliniambia nizitafutie mahali, hakuniambia nimimine. Mkono uliomimina ulikuwa wangu, na nilimimina bila kuuliza swali moja. Nikasimama nikamwambia Susu kwamba nitarudi mjini kutafuta namna. Sikuwa na namna yoyote. Nilitaka tu kutoka ndani ya ile nyumba.

"Kaa," Susu alisema. "Meza si iko tupu?"

Tulimwaga debe zima juu ya meza ya Mwalimu. Lilifanya kilima. Kila mtu akapata upande, watu wanane na mimi wa tisa, yule mkwe mwingine akiwa na ungo wa kupepeta majivu. Za madoa zilikuwa rahisi, hata mtoto wa miaka mitano aliziona, akawa anazipeleka kwenye mkebe moja moja kama anayewapeleka kuku bandani. Lakini za haraka na za majani zilikuwa rangi moja, kahawia kwa kahawia. Susu alizitambua kwa vidole: huyu mviringo, huyu amebonyea ubavuni. Sisi wengine vidole vyetu vilikuwa vijinga. Baada ya saa nzima tulikuwa tumepata ukubwa wa ngumi mbili, na Susu alipokagua yangu alizirudisha nusu kwenye kilima.

Mbithe ndiye aliyeona. Mtoto yule alikuwa amesimama karibu na ule ubao wangu wa rafu, ulioegemea meza kwa mshazari. Kunde mbili zilimponyoka zikaangukia ubaoni. Moja ikabingirika mpaka chini, ikaenda zake chini ya kabati. Ya pili ikateleza kidogo, ikakwama.

Akaiokota. Akaiangalia. Akaenda kutafuta ile nyingine chini ya kabati, akiwa amelala kifudifudi na gauni lake safi.

"Susu, hii ni gani?"

"Ya haraka."

"Na hii?"

"Ya Ndithini. Kwa nini?"

Aliulaza ubao juu ya meza, akaweka kitabu kimoja chini ya ncha yake, akamwaga kiganja cha kunde juu. Hazikuenda popote. Akaweka vitabu vitatu, zote zikaporomoka pamoja zikatawanyika sakafuni, na wadogo zake wakapiga vigelegele. Akatoa kimoja. Vitabu viwili, kamusi na atlasi ya baba yake. Akamwaga.

Jamani. Sijui niandike vipi mpaka nyinyi muone nilivyoona. Zile za mviringo zilishuka zikibingirika kama watoto waliosikia kengele, na zile za Ndithini zikabaki juu ya ubao zimelala ubavu, zinaona wenzao wakienda. Susu alikamata kiganja kutoka chini, akapitisha kidole gumba, moja moja. Akakamata kingine.

"Endelea," alimwambia mjukuu wake.

Tukageuka kiwanda. Mmoja anamwaga, mmoja anatikisa ubao kwa kucha, wawili wanakinga chini na kitambaa kile kile cha kroshia, Kalekye anafagia za juu kwenye kibuyu. Mwalimu alipewa kazi ya kushika kamusi isiteleze, na akaambiwa na mama yake kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kitabu chake kimelisha mtu. Kila tulichopata tulikipitisha ubaoni mara mbili, kisha Susu akakikagua. Kabla giza halijaingia kilima kilikuwa kimeisha. Ule msasa wa Mzee Nzioka, ule wa mwisho ulio laini ambao siku zote niliona ni kupoteza wakati, ndio uliofanya ubao uwe wa kuteleza vile. Kwa hiyo msiuruke.

Zilibaki kama vikombe viwili ambazo hata Susu hakuwa na hakika nazo. Alizitenga. Alisema zisizojulikana ukoo zinakwenda sufuriani. Kalekye alizipika na mahindi, tukala hapo hapo, na nilipewa sahani ya kwanza, ambayo sikustahili.

Jumatatu alipanda. Mvua ya mwaka huo ilianza vizuri halafu ikakatika mapema, mashamba mengi ya Mwala, upande ule wote wa Muthetheni, yakakauka yakiwa na maua. Za haraka za Susu zilikuwa zimeshaiva. Hilo nililisikia kwa Mwalimu mwenyewe mwezi wa pili, alipokuja karakanani kuagiza, si meza, bali mikebe mitatu yenye mifuniko ya mbao. Na Mbithe alipita mtihani wake. Kuna watu walisema ni meza. Si kweli. Mtoto anayeweza kufikiria ile ya kamusi na atlasi angepita hata akisomea juu ya gunia la makaa.

Ile droo ya chini ilibaki ya Susu. Nilimpangia vyombo vyake vile vile kumi na kimoja, kwa safu tatu, na nikaweka vigawanyo vya mbao visigongane. Mbithe aliandika majina kwenye karatasi, nami nikachora mchoro kwa sababu Susu hakusoma: mbegu yenye miguu inayokimbia, mbegu yenye madoa, na mbegu yenye jani. Mtoto alipata droo ya tatu, zile redio mbili zilizokufa zikazikwa kwa heshima. Meza moja, watu watatu, kila mtu na droo yake.

Niliporudi mjini nilimwambia Mzee Nzioka yote, kwa hofu kidogo, maana sheria iliyoniangusha mbele ya watu ilikuwa yake. Alifikiria akizungusha penseli. Halafu akasema kwamba yeye ni fundi wa mbao, na mbao hazipandwi mara mbili kwa mwaka. Ndiyo njia yake ya kukubali. Tangu siku hiyo kabla sijahamisha kitu niliuliza maswali mawili: hiki ni cha nani, na atakihitaji lini? Yakijibiwa hayo mawili, meza inajipanga yenyewe. Nimeandika "inajipanga yenyewe" na nimeona ni kujigamba. Inasaidiwa.

Mzee alikufa miaka michache baadaye, akaniachia randa na kile kigoda. Miaka ya elfu mbili ikaja na kompyuta. Tukaanza kuitwa kazini kule Syokimau, karibu na Nairobi, kwa watu wa ofisi za mjini, nyumba mpya zenye harufu ya rangi. Huko meza zilikuwa za kununuliwa, za mbao za kubandika, na chini yake nyaya kama utumbo wa mbuzi. Kijana mmoja wa miaka kumi alinifungulia mlango akasema, "Niaje, auntie, umekuja kutupa vitu zangu?" Nikamwambia nimekuja kumuuliza. Alikaa nami chini saa mbili akinieleza vifuniko vya soda mia na kitu, kila kimoja na kazi yake katika timu ya mpira. Mama yake alikuwa ameniita kwa ajili ya vifuniko hivyo. Tulivipa boksi moja lenye vyumba kumi na kimoja na akiba, kama timu, na boksi likakaa rafuni. Mama alisema ndiyo mara ya kwanza ameona uso wa ile meza. Mimi nilikuwa namfikiria Susu.

Makosa mengine niliyafanya, Kamene anayajua baadhi. Nilimpangia mhasibu mmoja meza safi kiasi kwamba hakuthubutu kuikalia, akarudi kufanyia kazi jikoni. Nilimwambia mama mmoja kwamba mumewe ndiye mchafu, kabla sijauliza meza ni ya nani. Sikuwa fundi mkubwa. Lakini sikumimina tena.

Susu aliishi kuona Mbithe akimaliza kidato cha nne. Mwaka mmoja baada ya ile Jumamosi alinitumia kitambaa kimefungwa fundo, kimeandikwa kwa mkono wa mjukuu wake: ZA NDITHINI. Ndani kiganja kimoja. Sikuelewa kwa nini anipe mimi, mtu niliyekaribia kuzipoteza. Mwalimu akasema mama amesema wewe sasa unazijua kwa sura.

Nimezipanda kila msimu tangu wakati huo, na kila msimu nimerudisha akiba kwenye droo ya chini ya meza hii, ndani ya mkebe wake peke yake. Mwaka huu nilizipanda mapema mwezi wa kumi. Zimeanza kutambaa mpaka karibu na choo.

Manyunyu yamerudi na sioni vizuri tena kuandika. Binti yangu ameingia na majani ya kunde kwenye kanga, yamelowa, amechuma ya kwanza ya msimu. Tumeyala na ugali na kitunguu kidogo, na mjukuu ameomba tena.